Hatua 16 au 12? Jinsi kinanda chenye sikwensa kinavyoihesabu ngoma

Kinanda chenye sikwensa ya hatua hakijui ngoma. Kinajua kuhesabu, basi. Anayekigusa kwa mara ya kwanza huona safu ya vitufe 16 vyenye taa, hubonyeza kimoja hapa na kingine pale, na muda si mrefu kiki (ngoma nzito ya chini) na sneya (ngoma kavu ya kujibu) zinazunguka zenyewe bila kuchoka. Raha tupu. Halafu hujaribu kupanga chakacha, au ngoma yoyote ya pwani aliyoizoea harusini, na hapo mambo huharibika: mapigo yote yamo, kila chombo kimepewa nafasi yake, lakini ngoma inachechemea. Wengi hulaumu sauti. Huhamia seti nyingine ya ngoma, huongeza mwangwi, hupunguza mwendo, na bado inachechemea tu. Kasoro haimo kwenye sauti. Imo kwenye idadi ya hatua, jambo ambalo kinanda kilishamwamulia kabla hajagusa kitu.

Sikwensa ya hatua hukata muda vipande vilivyo sawa, ikavipitia kimoja kimoja hadi cha mwisho, kisha ikarudi mwanzo. Katika kila kipande huuliza swali moja kwa kila chombo: kipigwe au kisipigwe? Mchezaji wa bao ana mashimo 16 upande wake, safu mbili za 8, kwa hiyo anayelijua bao hahitaji maelezo marefu hapa. Taa inayotembea ni mkono unaozunguka, ila mkono huu hauokoti kete wala haupandi. Unapita tu, na kila penye kete panalia. Kiki ina mashimo yake 16, sneya yake, haihati (sahani mbili zinazogongana) yake, na mikono yote inakwenda sambamba.

Kwa nini 16? Sehemu kubwa ya muziki wa redioni na wa ukumbini huhesabiwa kwa kipimo cha mapigo manne, na kila pigo hugawanywa mara nne. Pigo la kwanza linaangukia hatua ya 1, la pili hatua ya 5, la tatu hatua ya 9, la nne hatua ya 13. Namba hizo nne afadhali uzikariri kabla ya kitu kingine chochote, maana kila utakachopanga kitapimwa dhidi yake. Kwenye TR-808, mashine ya ngoma iliyotolewa na kampuni ya Roland ya Japani mwaka 1980, vitufe 16 vilipakwa rangi nne, vinne vyekundu, vinne vya machungwa, vinne vya njano na vinne vyeupe, ili jicho lione mapigo bila kuhesabu. Mashine za midundo zilikuwepo kabla yake. Sideman ya Wurlitzer, ya mwaka 1959, ilikuwa na diski inayozunguka ndani ya kabati, nawe ulichagua tu mdundo ulioandaliwa kiwandani. CR-78, ya Roland hiyohiyo, mwaka 1978 ilimruhusu mtumiaji kuhifadhi mdundo wake mwenyewe. Lakini ile safu ya vitufe 16, kila kitufe hatua moja, ndiyo iliyoshika. FL Studio, programu inayotumika katika studio nyingi za mitaani Dar es Salaam, Nairobi na Kampala, ilizaliwa Ubelgiji mwaka 1997 ikiitwa FruityLoops, na kiini chake kilikuwa safu hiyohiyo ikiwa imehamishiwa kwenye skrini. Kwa hiyo prodyuza aliyekulia kwenye kompyuta akikaa mbele ya kinanda cha namna hii hajapotea. Vile visanduku vyake vimegeuka vitufe.

Vitufe vilevile, chombo kingine

Tuchukue Roland JD-Xi kama mfano. Ilitoka mwaka 2015, ina funguo ndogo 37, na imebeba sehemu nne za sauti: mbili za dijitali, moja ya analogia, na seti ya ngoma. Vitufe 16 vya hatua viko vimepangwa juu tu ya funguo. Vinanda vingine vya ukoo huu vinatofautiana kwa majina na mpangilio, lakini namna ya kufikiri ni moja.

Unachagua sehemu ya ngoma. Unawasha uandishi wa hatua, ambao kwenye vyombo vya Roland hubeba alama ya TR-REC kwa heshima ya zile mashine za zamani. Unabonyeza ufunguo wa kiki, upande wa kushoto wa kinanda, na tangu hapo vitufe 16 ni vya kiki peke yake. Weka 1 na 9. Sasa bonyeza ufunguo wa sneya. Taa zote zinazimika! Hapa ndipo wageni wengi hudhani wamefuta kazi yao, wakaanza upya, wakajikuta wamepanga kiki mara mbili au wameifuta kweli. Hakuna kilichofutwa. Umefungua ukurasa wa sneya, nao bado ni mtupu. Weka 5 na 13. Nenda kwenye haihati iliyofungwa, weka hatua zote za witiri, na unapata hiki (x ni hatua inayolia, nukta ni isiyolia):

Kiki: x... .... x... ....
Sneya: .... x... .... x...
Haihati: x.x. x.x. x.x. x.x.

Huo ndio mdundo wa kwanza wa kila mtu, na si mbaya. Tatizo lake ni kwamba hauna safari. Kila kitu kimekaa juu ya pigo au nusu ya pigo, hakuna kinachosukuma wala kinachovuta. Ongeza kiki kwenye hatua ya 8 na ya 11, ondoa ile ya 9, na mara unasikia kichwa kinaanza kutikisika: hatua ya 8 iko kipande kimoja tu kabla ya pigo la tatu, kwa hiyo mguu unaotarajia kiki kwenye 9 unaikuta imeshapita. Ninavyoona mimi, anayeanza ajifunze kuondoa mapema kuliko kuongeza. Sikwensa hukushawishi kujaza, kwa sababu kitufe kisicho na taa kinaonekana kama kazi iliyobaki.

Tatu iliyobanwa ndani ya nane

Gawanya hatua 8 kwa mapigo matatu. Haiwezekani bila baki. Kilicho karibu zaidi na mgawanyo sawa ni tatu, tatu, mbili: unapiga hatua ya 1, ya 4 na ya 7, kisha unarudi. Mwaka 2005 mtaalamu wa kompyuta Godfried Toussaint alionyesha kwamba kanuni ya kale ya Euclid ya kutafuta kigawo kikubwa cha shirika, ikitumiwa kutawanya mapigo kwa usawa unaowezekana ndani ya hatua kadhaa, huzaa midundo mingi ya asili ya mataifa mbalimbali, na huo wa tatu-tatu-mbili ndio mfano mwepesi kuliko yote. Baadhi ya sikwensa za leo zina kitufe cha kufanya hivyo: unaiambia mapigo mangapi, hatua ngapi, inatawanya yenyewe.

Rudia tatu-tatu-mbili mara mbili ndani ya 16, ipe kiki mapigo manne ya kawaida, na sneya ichukue yale yanayobaki nje ya kiki:

Kiki: x... x... x... x...
Sneya: ...x ..x. ...x ..x.

Sneya iko 4, 7, 12 na 15. Yeyote aliyesikia dansiholi, au wimbo wa Bongo Fleva wenye damu ya dansiholi, atautambua kabla mzunguko wa pili haujaisha. Mvutano wake wote unatokana na kiki kuhesabu nne huku sneya ikihesabu tatu, na ile mbili ya mwisho ikija kuwapatanisha kila baada ya hatua 8.

Klave, mdundo wa vijiti wa muziki wa Kuba, ni ndugu wa karibu. Hii inayotumika zaidi katika son ya Kuba ina mapigo matano, 1, 4, 7, 11 na 13:

Klave: x..x ..x. ..x. x...

Nusu ya kwanza ni tatu-tatu-mbili kamili. Nusu ya pili ina mapigo mawili tu na inapumua. Santuri za Kuba zilifika Kongo tangu miaka ya 1930, na wanamuziki wa Léopoldville (Kinshasa ya leo) na Brazzaville wakaugeuza mdundo huo kuwa wa kwao, hadi rumba ya Kongo ikaingizwa na UNESCO kwenye orodha ya urithi wa dunia usioshikika mwaka 2021. Ukitaka kupanga rumba kwenye kinanda, anza na klave kwenye sauti ya rimu au ya vijiti, iache izunguke peke yake kwa muda, ndipo ulete kiki. Ukianza na kiki utaipanga kama ya disko na klave itaonekana kama pambo lililobandikwa.

Kumbuka kwamba mpaka hapa tuko ndani ya 16 na kila kitu kimekaa sawasawa. Tatu imebanwa, ikakubali.

Pale 16 zinaposhindwa

Chakacha haikubali. Ngoma hii ya wanawake wa pwani, ya harusini, ambayo taarabu nayo imeibeba, huenda kwa sita kwa nane: vipande sita vidogo, mguu ukikanyaga cha kwanza na cha nne. Kila mkanyago umegawanyika mara tatu, si mara nne. Tatu hapa hazikubanwa ndani ya kitu. Ndizo msingi wenyewe.

Tuseme unang'ang'ania vitufe 16 na unataka sauti tatu zilizo sawa ndani ya kipimo kimoja. Kumi na sita gawanya kwa tatu ni 5 na theluthi. Sauti ya kwanza inakaa hatua ya 1 vizuri. Ya pili inatakiwa ianguke mahali fulani kati ya hatua ya 6 na ya 7, ya tatu kati ya 11 na 12. Hakuna kitufe hapo. Kwa mwendo wa mapigo 120 kwa dakika, kipimo kizima ni sekunde mbili, hatua moja ni milisekunde 125. Sauti ya pili ilipaswa kulia milisekunde 667 tangu mwanzo, hatua ya 6 inalia 625. Ya tatu ilipaswa 1,333, hatua ya 12 inalia 1,375. Kila moja imekosea kwa milisekunde 42, moja ikiwahi na nyingine ikichelewa. Sikio la mtu aliyezoea ngoma halihitaji saa kulisikia hilo. Ndiyo ile chechemea, na hakuna sauti nzuri itakayoiponya.

Dawa ni kubadili idadi ya hatua kabla ya kuweka kiki hata moja. Kuna njia mbili, na kinanda chako kinaweza kuwa nazo zote au moja. Ya kwanza ni kufupisha mzunguko: tafuta mahali pa kuweka urefu au hatua ya mwisho, andika 12, na vitufe 13 hadi 16 vinakuwa vimekufa. Ya pili ni kubadili ukubwa wa hatua, kutoka robo ya pigo kwenda theluthi ya pigo. Kwa vyovyote vile sasa una hatua 12, na mguu uko 1, 4, 7 na 10.

Njia hizi mbili zinatofautiana kwa jambo moja linalowasumbua wengi: namba ya mwendo. Ukibadili ukubwa wa hatua, kinanda kinajua kwamba pigo moja ni hatua tatu, na mwendo unaousoma ndio mwendo wa mguu. Ukifupisha tu mzunguko, kinanda bado kinaamini pigo ni hatua nne. Kimeandika 120, lakini mguu wako unakanyaga kila hatua tatu, yaani mara 160 kwa dakika. Hesabu yake ni kuzidisha mguu unaoutaka kwa tatu kisha kugawanya kwa nne: ukitaka mguu wa 120, andika 90. Kiashiria cha kuhesabu nacho, ile tiki ya kuongoza, kitalia mahali pasipo mguu, na ni bora kukizima kuliko kupigana nacho.

Sasa panga sakafu hii:

Mguu: x.. x.. x.. x..
Wa pili: x.x .x. x.x .x.
Kengele: x.x .xx .x. x.x

Mstari wa kwanza upe sauti nzito ya chini, badala ya vumi. Wa pili upe sauti kavu ya katikati au manyanga: uko hatua ya 1, 3, 5, 7, 9 na 11, kwa hiyo unahesabu tatu pale mguu unapohesabu mbili, na wanakutana hatua ya 1 na ya 7 pekee. Hiyo mbili-dhidi-ya-tatu ndiyo injini. Mstari wa tatu, wa mapigo saba, ni kengele inayosikika katika ngoma nyingi za Afrika Magharibi na Kati. Nimeiweka kwa sababu inasaidia sikio kuzisikia hatua zote 12, ila si lazima ibaki. Na hii yote bado si chakacha. Chakacha hukamilishwa na wapigaji wanaojibizana, chapuo ikichombeza, na hayo huyapati kwenye mistari mitatu. Lakini ukiwa na sakafu hii, unaweza kupiga juu yake kwa mkono na mkono ukakubali.

Mwaka 1983 makampuni ya vyombo yalipokubaliana juu ya MIDI, lugha ya vinanda kuzungumza vyenyewe kwa vyenyewe, saa yake ilipewa mipigo 24 kwa kila pigo la muziki. Idadi hiyo ina faida yake. Hatua ya robo inachukua mipigo 6, hatua ya theluthi inachukua 8, zote namba kamili. Kwa hiyo kinanda kinachopiga 12 kinaweza kuongozwa na mashine inayopiga 16 bila yeyote kupoteza njia, mradi umeziambia zote mbili ukweli kuhusu pigo.

Nguvu ya pigo

Hadi sasa tumejibu swali la lini. Linabaki la nguvu kiasi gani. Kinanda hupima nguvu ya pigo kwa namba kuanzia 1 hadi 127, na ukiandika kwa vitufe vya hatua, vyombo vingi huzipa hatua zote nguvu ileile. Haihati nane zenye nguvu moja huchosha sikio kuliko mdundo mbovu wenye uhai. Zile zilizo juu ya pigo, 1, 5, 9 na 13, ziache karibu na 100; zilizo katikati zishushe hadi 60 au 70, na tayari mtu amekaa kwenye ngoma. Sneya ndogo ndogo za nguvu 30 au 40 kwenye hatua ya 8 na ya 10 hazisikiki kama mapigo. Zinasikika kama mwendo. TR-808 haikuwa na anasa hiyo. Ilikuwa na safu moja ya msisitizo kwa vyombo vyote: ukiisisitiza hatua ya 5, kila kinacholia hapo kinapanda pamoja. Watu walitengeneza muziki mkubwa kwa kizuizi hicho, kwa hiyo kinanda kisichoruhusu nguvu ya kila hatua kisikukatishe tamaa.

Haihati ina jambo la ziada. Iliyo wazi na iliyofungwa ni sahani zilezile mbili, na vinanda huliiga hilo: iliyofungwa ikilia, ya wazi inakatika papo hapo. Maana yake urefu wa haihati ya wazi unaupanga kwa kuchagua mahali pa kuweka inayofuata. Ya wazi kwenye 15 na ya kufungwa kwenye 1 inakupa mvuto wa hatua mbili. Isogeze ya wazi hadi 16, mvuto unakuwa wa hatua moja.

Swingi, na kwa nini wakati mwingine haifanyi kitu

Roger Linn, Mmarekani aliyetengeneza LM-1 mwaka 1980, mashine ya kwanza ya ngoma kutumia sauti za ngoma halisi zilizorekodiwa kidijitali, aliweka ndani yake pia uwezo wa kuchelewesha hatua kwa asilimia, ndiyo swingi. Wazo lake bado liko karibu kila mahali. Hatua hushikwa jozi jozi: ya 1 na ya 2, ya 3 na ya 4, hadi mwisho. Asilimia 50 maana yake kila moja ina nusu ya muda wa jozi. Kwa mwendo wa 100, jozi ni milisekunde 300, basi 150 kwa 150. Ukipandisha hadi 58, ya kwanza inapata 174 na ya pili 126. Ukifika 66 na kidogo, ni 200 kwa 100, mbili kwa moja, na ile tatu tuliyoihangaikia imerudi kwa mlango wa nyuma.

Kinachocheleweshwa ni hatua za shufwa tu. Hilo pekee linaeleza malalamiko mengi. Mdundo wetu wa kwanza, kiki 1 na 9, sneya 5 na 13, haihati kwenye witiri, hauna hata hatua moja ya shufwa. Zungusha swingi hadi mwisho, hutasikia tofauti. Weka haihati kwenye hatua zote 16 na ghafla inafanya kazi. Kwenye ule mdundo wa dansiholi, sneya za 4 na 12 zitachelewa, za 7 na 15 zitabaki palepale, na tatu-tatu-mbili itapinda. Kidogo ni utamu, nyingi ni uharibifu. Mimi mdundo wa namna hiyo siupitishi 55. Na kwenye mzunguko wa hatua 12 iache 50 kabisa. Mguu wa pili uko hatua ya 4 na wa nne uko hatua ya 10, zote shufwa. Ukiweka swingi hapo, umeuvunja mguu wenyewe.

Ukipiga kwa vidole

Si lazima kubonyeza hatua. Unaweza kuwasha kurekodi, ukapiga funguo kwa vidole huku mzunguko ukiendelea, na kinanda kikavuta kila pigo hadi hatua iliyo karibu. Kwa mwendo wa 100, hatua ni milisekunde 150, kwa hiyo mpaka uko nusu yake, 75. Ukichelewa kwa 70 unarudishwa nyuma kwenye hatua uliyoikusudia. Ukichelewa kwa 80 unasukumwa kwenye inayofuata, na pigo linatokea mahali ambapo hukulipiga kabisa. Mpigaji mzuri wa chakacha akirekodi huku kinanda kimewekwa kwenye hatua 16 za robo atasikiliza alichopiga na asikitambue. Mkono wake ulipiga theluthi, kinanda kikazilazimisha kuwa robo. Hapo kwanza badili ukubwa wa hatua, ndipo urekodi, au zima uvutaji kabisa ukubali kasoro zako.

Mwendo nao una hila zake. Singeli, muziki wa mitaa ya uswahilini ya Dar es Salaam, huvuka mapigo 200 kwa dakika na hufikia 300. Kwa 300 pigo moja ni milisekunde 200 na hatua moja ni 50. Kipimo kizima cha hatua 16 hakifiki sekunde moja. Kiki yenye mkia wa nusu sekunde, ambayo kwa mwendo wa 90 ni nono na nzuri, hapa inakuwa bado inanguruma wakati mbili zinazofuata zimeshaingia, na chini pote panakuwa tope. Fupisha mkia kwanza. Kinanda kisichofika 300 kiandike 150, kiki uiweke kila hatua ya pili, 1, 3, 5 na kuendelea, na kipimo kimoja cha kinanda kitabeba viwili vya singeli.

Ukituma ngoma yako kwenye kompyuta au kinanda kingine, angalia namba za funguo. Katika mpangilio wa General MIDI wa mwaka 1991, ngoma hukaa chaneli ya 10, kiki ni namba 36, sneya 38, haihati iliyofungwa 42, ya wazi 46, klave 75. Ufunguo wa namba 36 Roland huuandika C2, Yamaha huuandika C1. Ni ufunguo mmoja. Wanaosoma herufi badala ya namba huishia kusogeza seti nzima oktava moja na kushangaa sneya imegeuka sauti nyingine kabisa.

Mwisho kuna vinanda vinavyoruhusu kila chombo kiwe na urefu wake. Hapo kiki inaweza kuzunguka 16 huku manyanga yakizunguka 12, vyote kwa hatua za ukubwa mmoja. Vinaachana kwenye mzunguko wa kwanza, manyanga yakianza upya hatua nne kabla ya kiki, na vinakutana tena baada ya hatua 48, kiki ikiwa imezunguka mara tatu na manyanga mara nne. Kinanda chenye urefu mmoja kwa wote nacho kinaweza kufanya hivyo kikikubali mdundo wa vipimo vitatu: andika kiki mara tatu, kisha manyanga ya hatua 12 mara nne kwa mkono, ukihesabu kwa sauti, kwa sababu taa za kipimo cha pili na cha tatu hazitafanana na za kwanza.